Pembe ya Jumatatu

Simu iliingia Jumanne mchana, Zunilda Ovelar akiwa uani anafua sare zake za uuguzi. Msimamizi wake hakuzungusha maneno. Daktari aliyekesha naye zamu wiki iliyopita amepimwa, ana ugonjwa. Kwa hiyo Zunilda asije kazini, asitoke nyumbani, asimkaribie mtu mpaka aambiwe vingine. Zunilda aliitikia, akakata simu, akaendelea kusuuza. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida. Kichwa kilikuwa kimekimbilia jana.

Jana yake, Jumatatu asubuhi, alikuwa amekaa barazani na baba yake, Don Policarpo, wanakunywa terere, kinywaji baridi cha majani. Pembe moja ya ng'ombe iliyojazwa majani makavu, mrija mmoja wa chuma. Mzee alimimina maji ya barafu, akanywa yeye kwanza kama ilivyo ada ya anayemimina, akajaza tena, akampa bintiye. Binti akavuta mpaka mrija ukakoroma, akairudisha. Pembe ikaenda na kurudi mpaka majani yakaisha ladha. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi tangu Zunilda alipokuwa msichana wa kusuka nywele mikia miwili.

Na ndivyo walivyoendelea kufanya hata mwaka huo, ambao redio, padri na Zunilda mwenyewe walikuwa wakiwahubiria watu wa mji wao wa Carapeguá kwamba kila mtu awe na pembe yake. Pale getini pa hospitali aliwanyang'anya ndugu wa wagonjwa pembe zao huku wakicheka. Watu waliitikia vizuri sana, wakaelewa kwamba habari hiyo inawahusu wageni. Pembe ya mgeni, sawa. Lakini ya nyumbani? Nani atayaogopa mate ya baba yake? Zunilda hakulala darasani siku iliyofundishwa habari ya vijidudu. Alijua. Ila akifika nyumbani, akivua viatu, baba anamimina, anapokea.

Sasa alikuwa amesimama na sare inayochuruzika maji, na jambo lililobaki lilikuwa moja tu: je, ile Jumatatu alikuwa ameshampa mzee, au bado? Don Policarpo alikuwa na miaka sabini na tisa na pafu moja lililobaki na makovu ya kifua kikuu cha ujanani. Hakuna wa kumjibu. Wiki mbili zingejibu zenyewe.

Zunilda hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Baba yake alikuwa muuza dawa za terere kwenye uwanja wa kati wa mji. Kila asubuhi wanywaji hupita na themosi zao, huyu analalamikia figo, huyu ini, mwingine anaona haya kusema kwamba jana alilewa. Mzee anachagua majani na mizizi, anatwanga kwenye kinu cha mti, anatia ndani ya maji, mtu anakwenda zake. Zunilda alisimama kando ya kinu hicho tangu akiwa na miaka saba. Hapo ndipo alipojifunza kumsoma mtu kabla hajafungua mdomo, na kwamba mwenye kichwa kinachogonga habishani bei.

Alipofikisha miaka kumi na tisa alikwenda kwa watawa waliokuwa wakiendesha chuo cha uuguzi, akawaambia hana ada lakini ana mikono. Atafua mashuka ya bweni zima, baba yake atawaletea dawa za tumbo, nao wampe kiti darasani. Mtawa mkuu alimwuliza kama amekuja kusoma au amekuja kufungua genge. Zunilda akasema yote mawili yanawezekana. Kiti alikipata. Mwanamume alikuwa naye mmoja, mwashi, aliyekwenda Buenos Aires kutafuta kazi na kutuma picha mbili na ahadi nyingi. Zunilda alisubiri mwaka, kisha akamhesabu kama mzigo uliozama mtoni, akajenga nyumba mwenyewe, tofali leo, bati mwakani. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwonyesha makalio, maana yeye ndiye aliyewachoma sindano bure siku za mapumziko, na alipenda kusema kwamba anawatambua watu hao kwa nyuma kuliko kwa mbele.

Ugonjwa ulipoingia na aproni zikaisha wodini, alikwenda sokoni kwa muuza vitambaa vya plastiki vya mezani. Mama wa muuzaji huyo aliwahi kulazwa chini ya mikono yake. Hakumkumbusha; alisimama tu, akauliza hali ya mama. Akatoka na bunda zima lenye picha za malimau. Wodi nzima ikavaa malimau. Wako watu waliokata roho mwezi huo ambao picha ya mwisho waliyoiona duniani ilikuwa malimau.

Huyo ndiye aliyekuwa anatafuta jinsi ya kumwambia baba yake.

Alimwita kwanza mdogo wake, Nimia, kutoka ng'ambo ya kamba ya nguo. Nimia alikuwa mfumaji wa machela za kulalia, mume wake amekwama Argentina tangu mpaka ufungwe, naye alirudi kukaa kwa dada. Terere hanywi, inamchoma tumbo. Mjini walikuwa wakimcheka kwa hilo, wanamwuliza kama kweli alizaliwa Paragwai au aliokotwa. Siku ile Zunilda aliushukuru ugonjwa wa tumbo wa mdogo wake, akamwambia ahamishie kitanda cha kukunja kwenye chumba cha dawa, kile kibanda cha nyuma ya ua ambamo mzee hukaushia majani yake. Huko ndiko Zunilda mwenyewe atakakokaa.

Mzee alitoka na kigoda chake barazani kuona kinachohamishwa.

"Baba, kuanzia leo usinisogelee," Zunilda alimwambia kwa mbali.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kazini kuna mtu kaugua."

"Kaugua yeye au umeugua wewe?"

"Sijui bado."

"Basi ukijua uniambie. Kesho terere saa zile zile."

"Kila mtu na pembe yake, baba."

Mzee alimtazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Kila mtu na pembe yake," alisema. "Kama ng'ombe."

Wakaanza kupatana. Zunilda alifungua kwa bei ya juu: mzee akae chumbani, asitoke. Mzee akafungua kwa bure: hatabadilisha kitu. Wakasogeleana polepole, kila mmoja akijifanya anaondoka. Mwisho wakakubaliana mzee akae barazani kwake, binti dirishani kwake, ua katikati, kila mtu na pembe yake lakini wanywe wakati mmoja. Mzee atatwanga dawa kama siku zote, atavaa barakoa, ataiweka themosi ya binti juu ya kigoda karibu na kisima, arudi akae, ndipo binti aifuate. Jambo lililowapotezea muda mwingi zaidi lilikuwa uwanja wa kati. Mzee hakutaka kuuachia. Alisema wateja wake watakwenda kwa yule mwanamke wa karibu na kanisa, anayeuza majani ya mwaka juzi. Hatimaye alikubali kuuacha mwezi mmoja tu, Agosti, kwa sababu hata yeye aliuheshimu Agosti. Kwao husemwa kwamba mwezi huo huondoka na ng'ombe waliokonda na wazee, na tarehe mosi yake watu wote hupiga mafunda matatu ya pombe ya miwa yenye limau ili usiwaone.

"Mimi umenipita mara sabini na tisa," alisema akijinyanyua. "Haujawahi hata kubisha hodi."

Zunilda hakumwambia habari ya Jumatatu. Angemwambia ili afanye nini? Kilichokwisha kumezwa hakitemeki.

Walikuwa na mchezo wao, tangu zamani. Mzee hubadilisha dawa kila siku, na binti akivuta funda la kwanza hutaja kilichomo. Mnanaa, mchaichai, mkia wa farasi, mizizi ya hili na lile. Zunilda alikuwa hakosei, na mzee alikuwa akijisifia jambo hilo mbele ya wateja kuliko alivyojisifia cheti chake cha uuguzi. Ua ulipowatenganisha waliuendeleza mchezo kwa kupaza sauti, na jirani wa ng'ambo ya pili, Ña Deolinda, mwenye duka, akauliza kama siku hizi dawa zinauzwa kwa mnada.

Asubuhi moja Zunilda alivuta funda la kwanza, na kinywani hakukuwa na kitu. Kulikuwa na baridi tu. Alisogeza pua kwenye majani, akavuta, hewa tupu. Akavunja tawi la dawa lililoning'inia juu ya kitanda chake, akalisugua mkononi. Hakuna. Alikaa na pembe mkononi, akajua.

"Nimetia nini?" mzee aliuliza kutoka barazani.

"Mnanaa," alijibu, kwa sababu mnanaa haukosekani.

Mzee akasema sawa. Kesho yake akauliza tena. Zunilda akajaribu mnanaa na mchaichai, sauti yake ya kawaida kabisa, sauti ya kuuzia.

"Leo sikutia dawa, mwanangu," mzee alisema. "Ni maji ya kisima na barafu."

Alikuwa amemjaribu, kama mtu anavyoipiga sarafu juu ya jiwe asikie mlio wake. Mzee alimaliza pembe yake, akaimwaga kwenye shina la mchungwa, akaingia ndani. Wenzake Zunilda wa hospitali walipokuja siku ile na mavazi yao kama ya watu wanaokwenda mwezini kumchokonoa puani kupitia dirisha, na walipopiga simu baadaye kumpa jibu, ilikuwa kama kusomewa gazeti la juzi.

Mtaa ulipata habari kabla jua halijazama, maana gari la hospitali halina siri. Watu wale wale waliokuwa wakitoka milangoni jioni kuwapigia makofi wauguzi, sasa walivuka barabara wakikaribia ukuta wake. Ña Deolinda alimwambia Nimia asiingie dukani, asimame kwenye mti wa umeme aagize kwa kupaza sauti, na vitu vitaachwa chini. Nimia alimjibu kwamba sindano ya makalio haikupigwa kwa kupaza sauti. Aliporudi akasimulia hayo kwa hasira. Zunilda, homa imempanda, mifupa inamuuma kama amebebeshwa magunia, alimwambia amwache mwanamke wa watu. Ana mama mgonjwa chumba cha nyuma. Angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo, tena mapema zaidi.

Alilala. Kila alipozinduka alisikiliza kinu. Tangu siku ya maji matupu mzee alikuwa hamwulizi tena dawa, lakini alizidi kutwanga, asubuhi na jioni, na kumletea themosi zilizojaa majani mpaka maji yalitoka kwa shida. Alikuwa na mtwango wake: mapigo mawili mazito, moja jepesi, kisha kimya kidogo anapogeuza majani kwa kidole. Zunilda aliufahamu kuliko alivyofahamu hatua zake za miguu. Kinu kikilia hivyo, mzee yuko salama. Pumzi ipo, mkono una nguvu. Wodini angemwekea mtu mashine kujua hayo. Hapa alikuwa na kinu. Alianza kuamini, kwa tahadhari, kama mtu anayeona mnunuzi anapapasa mfuko, kwamba biashara inaweza kwenda vizuri.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kinu kililia vibaya. Kililia kwa nguvu, sawasawa, pigo baada ya pigo, bila kupumzika. Zunilda alinyanyuka akishika ukuta, akafungua dirisha. Kigoda cha mzee barazani kilikuwa kitupu. Nimia ndiye aliyekuwa akija na themosi, macho chini.

"Nani katwanga leo?"

"Baba."

"Nimia."

"Baba, dada. Kaingia kupumzika sasa hivi."

"Baba hatwangi kama mtu anayefukuzwa. Yuko wapi?"

Nimia aliweka themosi juu ya kigoda cha kisimani, akabaki amesimama. Alisema mzee ana joto tangu juzi na anakohoa, na alimkataza kusema. Alimfundisha atwange yeye ili dada asikie kinu. Alikuwa akimwongoza kutoka kitandani: mazito mawili, jepesi moja, geuza. Lakini asubuhi hiyo mzee hakuwa na pumzi ya kuongoza.

Basi jibu lilikuwa limefika. Zunilda hakulia. Kulia kungempotezea muda, na muda ndio uliokuwa umebaki. Alimrushia Nimia kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa ya damuni, akamwambia akamvalishe mzee na kurudi na namba. Namba aliyorudi nayo, Zunilda asingeipenda hata kwa adui.

Akapiga simu wodini. Daktari Recalde alipokea, sauti imekwaruza. Kitanda hakuna. Zunilda hakubembeleza, alianza kuweka mali mezani. Akirudi atachukua zamu zake zote za usiku mpaka Krismasi. Atamfundisha yeye binafsi kila muuguzi mpya atakayeletwa. Recalde alimkatiza.

"Zuni, ningekuwa nacho ningekupa bure. Sina."

Kabla ya adhuhuri alipiga yeye mwenyewe. Kitanda kimepatikana. Hakusema kimepatikanaje, na Zunilda hakuuliza. Mwezi ule vitanda vilipatikana kwa njia moja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kupewa kitu bila kubishania, na alijua wazi kwamba bei yake imelipwa na familia nyingine.

Wakati gari la wagonjwa linasubiriwa alivuka ua. Nimia alitaka kumzuia, kisha akaona hakuna cha kuzuia. Mwenye ugonjwa anakwenda kwa mwenye ugonjwa. Zunilda alimwambia asogee mbali, akaingia chumbani kwa mzee.

Alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, mdomo umeanza rangi ya samawati. Themosi ilikuwa kando yake, na pembe yake. Alimwonyesha bintiye kiti kwa kidevu.

"Hospitali siendi," alisema. "Nimeshasikia habari za huko. Mnawafunga watu kwenye plastiki."

"Tunawapa hewa kwanza."

"Bei gani?"

"Uende. Basi."

Mzee alifumba macho, akavuta pumzi tatu fupi, akayafumbua. "Naenda," alisema. "Lakini kwanza tunywe. Pembe moja. Sasa mimi na wewe hatuna cha kuibiana."

Zunilda alifikiri kama muuguzi kwa muda wa kufungua na kufunga mdomo, akaona mzee amesema kweli. Akashusha barakoa. Akashika themosi ili amimine, mzee akaitwaa. Maji mengine yakaenda kwenye shuka, lakini alimimina yeye, akanywa kidogo mwanzo kama ada, akajaza, akampa. Zunilda akavuta. Hakuonja kitu, ila aliuona ubaridi ukishuka kooni.

"Wewe unahesabu siku," mzee alisema. "Nimekuona dirishani. Unahesabu kurudi nyuma."

Zunilda akamrudishia pembe.

"Jumatatu ile ulikuja macho mekundu, umekonda. Nikajiambia huyu mtoto anaumwa. Nikamimina." Alipumzika. "Anayemimina ndiye mwenye pembe. Akiona hapafai, hampi mtu. Kwa hiyo ni mimi."

"Baba, usininunulie mzigo wangu."

"Nanunua ninachotaka. Pesa yangu."

Alijaza tena akanywa, akajaza, akampa. Walikunywa hivyo mpaka gari lilipopiga breki nje. Zunilda alimvalisha soksi na barakoa, akamfunga vifungo vya shati mpaka shingoni maana hakupenda kuonekana kifua. Akawapa wenzake taarifa yake mlangoni, kwa ufupi, kama anavyopewa mtu wa zamu inayofuata: umri, pafu, siku ya homa, namba. Mzee alipopitishwa kwenye machela alikuwa anawauliza wabebaji kama hospitali ina mtu wa kutwanga dawa, na kama hana, wanaishije.

Siku zilizofuata wenzake walimpigia kila jioni na kumpa namba. Hawakumficha, alikuwa mtu wa kazi. Namba zilishuka kidogo, zikasimama, zikashuka, na Zunilda alizisikiliza kama bei ya ng'ombe wake mwenyewe kwenye mnada asioruhusiwa kuingia. Homa yake ilikwisha. Pua ikaanza kurudi, mwanzo kwa harufu ya moshi. Siku aliyoweza tena kunusa mnanaa ndiyo siku Recalde alipopiga simu asubuhi badala ya jioni, na yeye akasema ahsante kabla hajaambiwa.

Sheria ya mwaka ule ilikuwa fupi. Hakuna mkesha. Hakuna siku tisa za sala na mikate mezani. Jeneza linatoka hospitali mpaka makaburini, mtu mmoja wa familia anasimama mbali. Huyo angekuwa Nimia. Zunilda alikuwa bado hajaruhusiwa kuvuka geti.

Alitafuta namba ya dereva wa gari la maiti. Hakumfahamu. Alijitambulisha, akamwuliza kama atapita njia ya mtaani kwao, akaambiwa njia ni hiyo hiyo. Akamwomba asimame mbele ya nyumba, kidogo tu.

"Siruhusiwi kusimama, mama," dereva alisema. "Nimekatazwa mimi. Kuna mwenzangu kafukuzwa."

Zunilda akatafuta cha kumpa. Hakukuwa na kitu. Hana zamu ya kubadilishana naye, hana mama yake aliyewahi kumtibu, hana sindano. Alikaa na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza hakujua neno linalofuata.

Dereva ndiye aliyeendelea. "Hapo kwenu si pana tuta barabarani?"

"Lipo. Mbele ya geti."

"Tuta halipitwi mbio. Hili gari bovu, springi zimekufa. Nikilipita haraka napata hasara." Akakohoa. "Mimi tuta napanda polepole sana."

Lilikuja saa nne, bila king'ora. Zunilda alisimama ndani ya geti, nywele zimefungwa, sare yake safi aliyoifua Jumanne ile. Mtaa ulikuwa umejua. Watu wamesimama kwenye malango yao, kila mmoja upande wake, wanaume wamevua kofia. Ña Deolinda alitoka dukani akamshikilia mama yake kwa kiwiko. Gari liliweka tairi za mbele juu ya tuta, likasimama kama limezimika, likashuka. Likaweka za nyuma, likakaa hapo. Zunilda aliweka kiganja juu ya chuma cha geti. Aliweza kuhesabu misumari ya jeneza kupitia kioo cha nyuma, na hakuhesabu. Kisha tairi zikashuka, gari likaongeza mwendo kuelekea makaburini, Nimia akilifuata nyuma kwa pikipiki ya jirani.

Nimia alirudi mchana, vumbi jekundu mpaka magotini. Alinawa kisimani kwa muda mrefu. Alipasha chakula, akaweka sahani ya dada yake juu ya kigoda, lakini hakuondoka. Alikaa chini upande wake wa ua, mgongo kwenye ukuta wa jiko, barakoa imeshuka shingoni.

"Dada. Nikuulize kitu."

"Uliza."

"Baba aliniambia alikunywa na dereva wa lori pale uwanjani, kabla hujamkataza kwenda. Kwamba ndiko alikoupata. Alinishika mkono nisisahau kukwambia."

Zunilda aliacha sahani ilipo. Mzee alikuwa ameuza bidhaa moja kwa wateja wawili, kila mmoja kwa maelezo yake. Kwa huyu, dereva wa lori. Kwa yule, anayemimina ndiye mwenye pembe. Yote mawili yalikuwa yamefungwa vizuri, tayari kubebwa. Alichotakiwa kufanya ni kuchagua moja na kunyamaza.

"Mimi hakuniambia hivyo," alisema.

"Alikwambia nini?"

"Kwamba alimimina akijua naumwa. Kwa hiyo ni yeye."

Nimia alimtazama. "Sasa ukweli ni upi?"

"Mimi ndiye niliyempa. Jumatatu. Nilijua ugonjwa upo wodini, sikujua umo ndani yangu. Lakini nilijua vya kutosha nisiishike pembe ile, nikaishika."

Upepo wa Agosti ulizungusha majani makavu uani. Nimia alikuwa na kijiti, anakichimbia ardhini, anakitoa, anakichimbia tena. Hakusema amemsamehe, na Zunilda hakuomba.

"Usimwambie mtu mwingine," Nimia alisema mwishowe. "Watu watakusema."

"Nitamwambia kila atakayeniuliza. Na asiyeuliza pia."

"Watakumaliza, dada. Hujui midomo ya watu wa hapa?"

"Naijua. Mwaka mzima nawahubiria, hawasikii." Alichukua sahani, akaishika kwa mikono miwili bila kula. "Wacha waniseme. Watakaponisema mimi, watakuwa wanaisema pembe."